Kofia Iende na Irudi

Daftari hili nililikuta chini ya sanduku la sindano za kufumia, nyumbani kwa marehemu mama. Jalada lake lina picha ya farasi, kwa sababu nilipokuwa na miaka kumi na sita nilikuwa na wazimu wa farasi, ingawa zizini tulikuwa na ng'ombe watupu. Nalinakili lilivyo. Pale nilipokuwa mjinga nimeuacha ujinga mahali pake. Wengi waliomo humu wameshaondoka duniani, nami nimewakumbuka mno msimu huu, napenda tu kuwasikia tena wakisema walivyokuwa wakisema.

Klara Wanta, Dombrowa, Wisconsin

Jumatatu, 6 Januari 1997

Baba ameandika kwa chaki ya baraka juu ya mlango wa jikoni, herufi za wale Mamajusi watatu pamoja na mwaka. Ile saba ya mwisho ameiandika upande, kwa sababu bega la kulia bado linamsumbua tangu fahali alipombana ukutani. Mama akamwambia angalau Mamajusi wanajua njia hata wakisoma vibaya.

Habari kubwa: jina langu limo! Padri Dulak amebandika orodha ya wanaokwenda Washington kwenye maandamano ya kutetea watoto ambao hawajazaliwa. Lazima uwe umetimiza miaka kumi na sita, nami nilitimiza Novemba. Rafiki yangu Denise Glodowski naye yumo. Amesema atakaa dirishani na hakuna mjadala.

Jumanne, 7 Januari

Theluji. Kukamua, shule, kukamua.

Jumamosi, 11 Januari

Busia, ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kipolandi, amefikisha kofia thelathini na tatu. Zinatakiwa arobaini na nne. Tangu msimu wa kuwinda kulungu uishe hajaziweka sindano chini ila kwa kula na kusali. Kofia zote ni za rangi ya machungwa, ile kali ya wawindaji inayoumiza macho, maana ndiyo uzi pekee ambao duka la Dombrowa halikosi. Nilimwambia watu wa Washington watatucheka.

"Wacheke," akasema. "Mwindaji akivaa hii hapigwi risasi. Na wewe ukivaa hii, Padri hatakupoteza."

"Busia, mimi si ng'ombe."

"Ng'ombe hawapotei. Wanajua saa ya kurudi."

Bibi yangu ana miaka sabini na tisa, na sijawahi kumshinda kwa maneno hata siku moja.

Jumatano, 15 Januari

Theluji. Kukamua, shule, kukamua. Bomba la maji limeganda zizini.

Jumapili, 19 Januari

Baada ya Misa Busia aliniita chumbani kwake, akaufunga mlango. Akafungua droo ya juu na kutoa ile kofia ndogo.

Nyumbani sote tunaijua. Ni ya sufu nyeupe iliyogeuka rangi ya siagi kwa uzee, yenye kamba mbili za kufungia kidevuni, na haiwezi kumtosha hata mwanasesere mkubwa. Kila Januari lazima mmoja wetu aibebe mfukoni hadi Washington na kuirudisha. Baba ameibeba, Mama ameibeba, kaka yangu Roman aliibeba kabla hajahamia Milwaukee. Ukimwuliza Busia ni ya nini, anasema ina baraka. Sisi tumeiweka pamoja na mambo yake mengine, kama yale matawi ya Jumapili ya Matawi anayochomeka nyuma ya picha ya Moyo Mtakatifu ili radi isipige nyumba.

"Iende na irudi," akasema.

"Itarudi, Busia."

"Usiniahidi huku unatazama dirisha. Niangalie."

Nikamwangalia. "Itarudi."

"Mfuko wa ndani. Mfuko wa nje ni wa peremende na karatasi za kupengea kamasi."

Jumatatu, 20 Januari

Naandikia ndani ya basi, ndiyo maana mwandiko umelewa. Tumeondoka saa tisa alasiri kutoka mbele ya kanisa. Baba alitoka zizini na viatu vyake vya mpira kuja kuniaga, akasimama mbali kidogo kwa sababu ya harufu, akapunga mkono mara moja. Busia alibaki ndani ya gari, akigusa kifua chake mahali penye mfuko wa ndani. Nami nikagusa changu.

Padri Dulak alisimama karibu na dereva na kutupa kanuni. "Kanuni ya kwanza, hakuna kupotea. Kanuni ya pili, ukipotea, tafuta kofia za rangi ya machungwa na bendera ya Mtakatifu Kazimiri. Kanuni ya tatu, wale walioko viti vya nyuma, nawaona."

Tumeshasali rozari mbili. Katikati ya ya tatu Denise alisinzia, akaitikia "Amina" kwa sauti kubwa peke yake, Padri akasema angalau mmoja wetu yuko tayari kumaliza. Mkate, soseji, jibini. Kila mtu ana soseji na jibini. Basi zima linanuka kama stoo ya mjomba.

Jumanne, 21 Januari

Milima, vituo vya mafuta, milima. Usiku huu tunalala sakafuni katika ukumbi wa michezo wa shule ya parokia moja huku. Tuko mia mbili na zaidi, kutoka majimbo sita, na kila jimbo lina namna yake ya kukoroma.

Jumatano, 22 Januari

Haya. Nianze mwanzo, ingawa mwisho ndio unaoniwasha.

Nilitarajia kujisikia mtakatifu. Nilijisikia baridi ya miguu. Tulisimama uwanjani saa mbili nzima tukisikiliza hotuba, na vipaza sauti vilikuwa mbali kiasi kwamba tulikuwa tunapiga makofi baada ya wengine kupiga. Kisha watu wakaanza kusogea. Kulikuwa na watawa wenye viatu vya michezo, wazee na fimbo, vijana na ngoma, baba mmoja mwenye watoto watano amewaunganisha kwa kamba. Walikuwepo pia wanawake waliotembea kimya na mabango madogo yaliyosema kwamba waliwahi kutoa mimba na wanajuta. Denise, ambaye hajawahi kunyamaza, alinyamaza walipotupita.

Barabara inapanda kilima kuelekea Bunge. Tulipofika nusu ya kilima Padri akasema geukeni. Nikageuka. Watu walijaa barabara nzima, ukingo hadi ukingo, hadi macho yanapokoma. Mimi ninatoka mahali ambapo watu thelathini ni umati. Nililia, na sikuona haya, na hata sasa sijui hasa nilichokuwa nikililia.

Ndipo kamba ya kiatu ikafunguka. Niliinama pembeni, vidole vimekufa ganzi, nikachukua muda. Nilipoinuka sikuwaona wetu. Sikuogopa, kwa sababu mbele kidogo niliona kofia za rangi ya machungwa, na juu yake bendera: Mtakatifu Kazimiri. Kanuni ya pili. Nikakimbia, nikajipenyeza katikati yao, nikadaka rozari ilipofikia na kuendelea.

Nilisali nao mafumbo matano yote. Niliona kofia zao zimefumwa vizuri kuliko zetu, nikawaza Busia ameboresha kazi. Kisha mzee mmoja akanipa kipande cha keki ya mbegu nyeusi za mpopi, akaniuliza, "Wewe ni wa akina nani, mama?"

"Wa akina Wanta."

"Akina Wanta wa bonde la chini?"

"Hatuna bonde la chini. Tuna ziwa."

Akaniangalia, nami nikamwangalia. Walikuwa Mtakatifu Kazimiri wa Kettle Run, Pennsylvania, wajukuu wa wachimba makaa, Wapolandi kama sisi, wawindaji kama sisi, na kofia zao zilitoka dukani. Walicheka mpaka bendera ikainama. Nami nilicheka, halafu nikataka kulia tena, kwa sababu nyingine.

Kando yangu alikuwepo dada mmoja akisukuma kigari cha mtoto. Anaitwa Patty, na nadhani amenizidi miaka mitatu tu. Mtoto wake alikuwa analia kile kilio cha kukatika pumzi. Kofia yake ilidondoka kwenye umati ikakanyagwa, na Patty alikuwa amemfunga skafu yake mwenyewe, lakini kila mara mtoto anaivua. Masikio yake yalikuwa mekundu. Ana miezi miwili, anaitwa Damian.

"Waliniambia sitamudu," Patty akaniambia, bila mimi kuuliza. "Namudu nusu ya siku. Nusu nyingine tunalia wote wawili."

Upepo ukaja tena. Mkono wangu uliingia mfuko wa ndani kabla sijaamua. Nikaitoa ile kofia ndogo, Patty akamvika, akafunga kamba kidevuni. Ilimkaa kana kwamba alipimwa. Mtoto alinyamaza, akanitazama kwa mshangao mkubwa, akalala.

"Hii ni ya zamani," Patty akasema. "Una uhakika?"

"Bibi yangu anafuma. Atafuma nyingine kwa jioni moja."

Ndivyo nilivyosema. Nilijiona mwema sana.

Mbele ya Mahakama Kuu kulikuwa na kundi la wale wasiokubaliana nasi, wanapiga kelele, na upande wetu pia kelele. Mzee wa Kettle Run alikuwa amenielekeza vibaya nilipowaacha kwenda kuwatafuta wetu, na nilikuwa peke yangu. Msichana mmoja wa kundi lile, mwenye skafu ya zambarau, akanipigia kelele usoni, "Rudini kwenu!"

Nikamwambia, "Ningependa, dada, lakini sijui basi letu liko wapi."

Akaangua kicheko, hakujiweza. Akaniuliza mabasi yetu yameegeshwa wapi, nikamwambia karibu na stesheni kubwa ya treni. "Nenda moja kwa moja, pinda kulia, utaiona," akasema. "Hatujakubaliana lakini, sawa?"

"Sawa."

"Na ufunge koti, utaugua."

Padri Dulak alikuwa amesimama mlangoni mwa basi, mweupe kama hostia. Hakunigombeza. Alinihesabu kwa kidole kichwani, akasema, "Arobaini na nne," akaketi.

Alhamisi, 23 Januari

Njiani. Denise kanipa jina "Pennsylvania". Sasa basi zima linaniita hivyo. Nimeanza kufikiria mfuko wa ndani.

Ijumaa, 24 Januari

Busia alikuwa jikoni, mkono ameunyoosha kabla sijavua koti. Nikamsimulia yote haraka haraka: bendera, keki, Damian, masikio mekundu. Nilipomaliza mkono wake bado ulikuwa umenyooshwa.

"Iko wapi?" akauliza.

"Busia, nimekwambia. Nimempa mtoto. Alikuwa anaganda."

Akaushusha mkono. Akaenda chumbani. Hakufunga mlango kwa kishindo. Aliufunga taratibu, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

Mama anasema ni uzee. Baba anasema nilitumwa kitu kimoja tu.

Jumatatu, 27 Januari

Theluji. Kukamua, shule, kukamua. Busia hafumi.

Jumapili, 2 Februari

Tumebarikiwa mishumaa kanisani. Busia hakuja. Anasema miguu. Hajawahi kukosa siku ya mishumaa tangu nimjue. Nimemletea wa kwake, akasema "weka hapo".

Nilijaribu kumfumia nyingine mwenyewe. Imetoka kama soksi ya mbuzi. Nimeificha.

Alhamisi, 6 Februari

Hafumi.

Jumanne, 11 Februari

Kesho ni Majivu, kwa hiyo leo ni paczki. Kila mwaka Busia ndiye anayezikaanga, maandazi makubwa yenye jamu ya plamu ndani, na sisi tunakula mpaka tunaona aibu. Mwaka huu Mama ndiye aliyekaanga na jamu ikavuja ndani ya mafuta. Baba alikula tatu kimya kimya, kisha akasema, bila kuniangalia, "Mama yangu hajawahi kukaa mikono mitupu. Sikumbuki hata siku moja."

Nilienda zizini kulia. Ng'ombe hawaulizi maswali. Nilikuwa na hasira naye pia, acha niseme ukweli. Tumeendeshwa saa ishirini kutetea watoto, halafu mtoto wa kweli anaganda mbele yangu, na mimi ndiye mkosaji kwa sababu ya kipande cha sufu?

Jumapili, 16 Februari

Nimesoma nilichoandika Jumanne. Nataka kukichana, lakini nitakiacha.

Mchana wote walitoka kwenda kwa shangazi. Mimi nilibaki kumpelekea Busia supu. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa nguo ya Jumapili, viatu pia. Akaniambia nikae.

"Leo anatimiza miaka hamsini na sita," akasema.

"Nani, Busia?"

"Florian."

Sijui Florian yeyote.

Akanisimulia huku ameushika ukingo wa kitanda. Alikuwa na miaka ishirini na tatu, mimba ya kwanza. Siku hiyo ilikuwa Jumapili pia, na theluji ilifunga barabara. Mkunga alifika kwa farasi. Mtoto alizaliwa bila pumzi, kwa hiyo mkunga hakuweza kumbatiza, na asiyebatizwa hakuzikwa katika ardhi iliyobarikiwa. Babu alienda kwa padri wa wakati ule, akarudi kofia mkononi.

"Hakuwa mtu mbaya, padri yule," Busia akasema. "Babu yako alisema alilia. Lakini alisema hapana."

Babu alitengeneza sanduku kwa mbao za kreti la jibini. Ardhi ilikuwa jiwe, hivyo akawasha moto juu yake hadi usiku ili ilainike, nje ya uzio wa makaburi, akachimba. Busia alikuwa hoi kitandani. Hakumwona mtoto akiondoka. Babu alimwambia mara moja tu, na hawakulizungumza tena mpaka alipokufa: hatua saba kutoka nguzo ya pembeni, kuelekea misonobari.

"Nilikuwa nimemfumia kofia," akasema. "Niliiweka chini ya mto ili ipate joto. Nikaisahau, Klara. Walipomchukua nikaisahau. Alikwenda kichwa wazi, Februari."

Nilimshika mkono, nao ulikuwa wa baridi.

"Sasa mwaka ule wa kwanza wa maandamano, Padri Dulak akasema madhabahuni tunakwenda kuwatembelea kwa miguu wale watoto ambao hakuna aliyewaita majina. Nikasema moyoni, basi wangu naye aende. Hajawahi kwenda popote."

Nikamwuliza kama Baba anajua.

"Baba yako anajua kwamba yeye ndiye mwanangu wa kwanza," akasema. "Usimwambie."

Jumatatu, 17 Februari

Nimeandika barua kwa Padri wa Mtakatifu Kazimiri, Kettle Run. Nimeiandika mara nne. Jina la ukoo la Patty silijui. Nimesema tu: msichana, kigari, mtoto Damian, kofia nyeupe ya zamani, na mzee wa keki. Nimeomba kofia irudi. Nimeona aibu kuomba, lakini nimeomba.

Jumatano, 26 Februari

Hakuna barua. Busia amekohoa usiku kucha. Daktari anasema kifua.

Ijumaa, 7 Machi

Hakuna barua. Samaki ukumbini mwa parokia, kama kila Ijumaa ya Kwaresima. Padri Dulak akaniuliza, "Pennsylvania, bibi yako vipi?" Nikasema anakohoa. Nilitamani kumwambia yote pale pale, kati ya viazi na kabichi, lakini nilikuwa nimeahidi, na ahadi moja nilikwisha kuivunja.

Jumanne, 11 Machi

Theluji tena. Kukamua, shule, kukamua. Hakuna barua.

Ijumaa, 14 Machi

Imefika. Si barua tu, ni kifurushi.

Nilikifungua mezani wote tukiwepo, kwa sababu Baba ndiye aliyekileta kutoka kwenye sanduku la posta na hangeniruhusu kukimbia nacho. Kofia ilikuwa imefuliwa kwa mkono na kukunjwa ndani ya karatasi laini. Palikuwa na barua fupi ya Patty, akisema anaomba msamaha, hakujua, na kwamba Damian ameivaa kila siku hadi kanisani na bibi zake wote wanaigombania kuifunga. Na picha. Damian kwenye kiti, mashavu tele, kofia kichwani, anacheka bila jino hata moja.

Nilimwekea Busia kofia mapajani. Hakuigusa. Aliichukua picha. Akaisogeza kwenye taa, akaitazama kwa muda mrefu mpaka Mama akaacha kuosha vyombo.

"Inamtosha," akasema.

"Ndiyo, Busia."

"Anaonekana ana baridi?"

"Hapana, Busia. Angalia mashavu."

Akaifuta picha kwa aproni, ingawa haikuwa na kitu. "Sasa imevaliwa," akasema. Kisha akanipa kofia. "Irudishe kwa mwenyewe."

"Lakini Busia, ulisema..."

"Nilisema iende na irudi. Imekwenda, imerudi. Sasa iende."

Baba alikuwa ameshika kikombe. "Mama," akasema, "kuna nini na hii kofia? Nimeibeba mara tisa."

Busia akamtazama mwanawe, huyu mwanamume wa miaka hamsini na tatu mwenye bega bovu na harufu ya maziwa. "Ulikuwa unambeba kaka yako, Alois," akasema.

Akamweleza. Alitumia maneno machache kuliko aliyonieleza mimi. Baba aliweka kikombe mezani. Akavaa viatu vyake vya mpira akaenda zizini, na zilikuwa zimebaki saa mbili kabla ya kukamua. Mama alitaka kumfuata, Busia akasema mwache.

Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Hakuvua viatu. Alitembea na matope yake jikoni kote, kitu ambacho Mama angemwulia siku nyingine, akapiga magoti mbele ya kiti cha mama yake, akaweka kichwa mapajani pake. Sijawahi kumwona Baba amepiga magoti nje ya kanisa. Nikatoka.

Jumamosi, 15 Machi

Baba alienda kwa Padri Dulak asubuhi. Nilikuwa garini, mlango wa ofisi ulikuwa wazi. Padri alisimama dirishani, penye kuonekana makaburi, akasema, "Miaka ishirini na mbili napanda basi kwenda Washington, Alois. Na hawa walikuwa hapa, hatua mia kutoka sakristia yangu."

"Hawa?" Baba akasema. "Unadhani wako wengi?"

"Kulikuwa na theluji kila mwaka," Padri akasema, "na wakunga walikuwa wanakuja kwa farasi."

Jumapili ya Matawi, 23 Machi

Padri alisema madhabahuni. Hakutaja jina la mtu. Alisema uzio utasogezwa ardhi ikilainika, na kwamba kanisa linaomba msamaha, na sauti yake ikakatika kwenye neno hilo. Akasema mwenye wake kule nje, amwambie, au asimame tu.

Mabenchi yakalia. Busia akasimama, ameshika bega langu. Kisha upande wa pili, bibi mkuu wa Denise, mwenye miaka tisini, aliyesimama kwa msaada wa watu wawili. Kisha bibi wa duka la uzi. Kisha mzee mmoja mwanamume, peke yake, Bwana Stencil, mwenye ulimi mchungu kuliko wote Dombrowa, ambaye mimi na Denise tumemcheka tangu utotoni. Wanne.

Denise alinitazama kutoka benchi lao. Alikuwa analia mdomo wazi. Nilimpenda sana wakati ule.

Jumapili ya Pasaka, 30 Machi

Kristo amefufuka. Busia amekula mayai mawili.

Alhamisi, 3 Aprili

Matope. Kukamua, shule, kukamua.

Jumamosi, 12 Aprili

Walikuja wanaume kumi na wanne na matrekta matatu. Nguzo mpya Baba alizikata mwenyewe kutoka msitu wetu. Walianza kuchimba mashimo upande wa misonobari, na wengine wakaanza kung'oa za zamani. Busia alikuwa kwenye kiti chenye blanketi, na mara akapiga kelele ambayo sikujua kifua chake bado kinaiweza.

"Ya pembeni msiing'oe! Nyie! Msiing'oe!"

Wote wakasimama. Roman, aliyekuja kutoka Milwaukee, alikuwa tayari ameizungushia mnyororo. Nikawaeleza mimi, kwa sababu Busia alikuwa anakohoa: hatua saba, kuelekea misonobari. Bila nguzo hakuna pa kuanzia kuhesabu.

Roman akafungua mnyororo. Nikamsaidia Busia kuinuka, tukafika kwenye nguzo. Nikaanza kupima, hatua moja, akanizuia.

"Wewe una miguu ya mama yako," akasema. "Alois ana miguu ya baba yake. Atembee yeye."

Baba alivua kofia. Akaegemeza mgongo kwenye nguzo, akatazama misonobari, akatembea. Sote tulihesabu kimoyomoyo, niliona midomo ya watu ikicheza. Saba. Akasimama. Palikuwa na majani tu ya mwaka jana na theluji kidogo iliyobaki kivulini. Akabaki amesimama hapo, mikono imelegea, kama mtoto aliyetumwa mahali akafika na hajui aseme nini.

"Hujambo, Florian," akasema mwishowe.

Padri alinyunyiza maji ya baraka mpaka ndoo ikaisha.

[Uzio mpya umekwisha kuoza na kubadilishwa mara moja tangu hapo. Nguzo ya zamani bado ipo, peke yake katikati ya makaburi, haishikilii kitu. Wageni huuliza kwa nini haing'olewi. Busia amelala hatua saba kutoka hapo, tangu Desemba ya mwaka ule, na Baba kando yao.]

Jumapili, 13 Aprili

Mvua, si theluji. Kukamua, Misa, kukamua. Kofia nimeifunga, kesho inakwenda posta, Kettle Run.

Jioni Busia ameniomba sindano zake. Nikamletea na uzi wa machungwa, akausukuma, akataka mweupe. Ameshaanza. Ni ndogo sana. Nikamwuliza hii ni ya nani tena, kwani Damian anayo.

"Ya akina Glodowski," akasema, akihesabu vitanzi vya uzi. "Kisha ya mwenye duka, na ya Stencil. Wale nao walikwenda kichwa wazi."